Posa, Urithi na Karamu katika Habari za Wakilindi

Mtu asimamapo juu ya migongo ya Mamba, katika Upare wa Kusini, asubuhi isiyo na ukungu, huiona ng'ambo ya bonde la Mkomazi safu nyingine ya milima, nayo ni Usambara. Umbali si mkubwa. Wachuuzi wa zamani waliukata kwa miguu. Hata hivyo, habari za pande hizi mbili zimeandikwa kana kwamba bahari imepita katikati. Historia ya Upare wasomaji wanaijua hasa kwa kitabu cha Isaria Kimambo kilichotolewa mwaka 1969, na ya Usambara kwa kitabu cha Steven Feierman cha mwaka 1974. Lakini Usambara ina tunu moja ambayo Upare haukujaliwa kuipata, yaani kitabu kirefu cha Kiswahili, kilichoandikwa na mtu aliyewaona kwa macho yake wakuu wa nchi ile kabla serikali ya Wajerumani haijawavunja nguvu. Kitabu hicho ni Habari za Wakilindi.

Mwandishi wake ni Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy, mtu wa pwani na Mwislamu, aliyekwenda bara akamtumikia Semboja wa Mazinde, mmoja wa wana wa Kimweri mkuu. Kazi yake ilipigwa chapa kwanza na misheni ya UMCA huko Magila, sehemu baada ya sehemu, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. J. W. T. Allen aliitengeneza upya, na Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki likaitoa mwaka 1962. Tafsiri ya Kiingereza ikafuata mwaka 1963. Tangu hapo kitabu hiki hutajwa katika kila orodha ya nathari ya Kiswahili ya kale, na wengi hukisifu kwa ufasaha wake. Kusifiwa ni jambo moja, kusomwa kwa makini ni jambo jingine.

Nadhani desturi iliyoenea ni kukigawanya kitabu mafungu mawili. Fungu la kwanza, la Mbegha mwindaji, huhesabiwa kuwa ngano; la pili, la vita vya Semboja na wenziwe, huhesabiwa kuwa historia. (Nimefuata hapa tahajia ya Kisambaa, Mbegha, Vugha na Bughe, ingawa chapa za zamani huandika Mbega, Vuga na Buge.) Kwa mgawanyo huo, mambo ya posa, ya kunyimwa urithi, ya kugawa nyama na kunywa pombe yaliyojaa katika fungu la kwanza huonekana kuwa mapambo ya msimulizi tu. Makala hii yakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Mambo hayo matatu ni sheria ya nchi iliyovikwa nguo ya hadithi, na mtu asiyeielewa sheria hiyo hawezi kujua kwa nini fungu la pili la kitabu ni habari ya msiba.

Tuanze na urithi, maana ndipo hadithi ianzapo. Mbegha alizaliwa katika nchi ya Ngulu, naye alikuwa kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya yale ya chini. Neno hili limo katika kamusi zetu za Kiswahili, wala halihitaji kufasiriwa kwa msomaji wa makamo. Kijana wa leo, huenda akalipita asijue uzito wake. Kigego alikuwa nuksi. Katika nchi nyingi za upande huu hakuachwa aishi. Itikadi hiyo ilikuwako Upareni pia, na wamisionari wa kwanza waliikuta na kuiandika. Wasabato walipofungua kituo chao cha Giti, hapa Mamba, mwaka 1903, mambo ya watoto wa namna hiyo yalikuwa bado yanatendwa, si masimulizi ya mababu. Basi Mpare anapoisoma habari ya Mbegha, hasomi ajabu ya nchi ya mbali.

Mbegha aliachwa hai kwa mapenzi ya wazazi wake. Walipokufa wazazi, ile hukumu iliyoahirishwa ikarudi kwa njia nyingine: kila palipogawanywa mali ya jamaa, yeye alinyimwa fungu. Jamaa zake hawakumwua, ila walimfanya kuwa kama aliyekufa katika hesabu ya ukoo. Hapo ndipo pa kuangalia. Mtu anyimwaye urithi katika jamii ya namna ile hakukosa mbuzi na mashamba tu. Alikosa mahari ya kuolea, na kwa hiyo alikosa wana, na kwa hiyo alikosa watu wa kumtambikia atakapokufa. Kunyimwa urithi ni kunyimwa posa. Haya mawili hayatengani, na msimulizi alilijua hilo hata asipolisema.

Labda itafaa kulinganisha na nchi nyingine, ili ionekane kwamba neno hili si la Afrika peke yake. Makabaila wa Hungaria walikuwa na kanuni iliyofungwa mwaka 1351 na mfalme wao Lajos wa Kwanza, kwamba ardhi ya ukoo wa kikabaila haiwezi kuuzwa wala kuusiwa nje ya ukoo. Asipokuwako mwana wa kiume, hurudi kwa ndugu wa kiumeni. Binti alikuwa na haki ya robo ya mali ya baba yake, nayo ilikwisha tajwa katika hati ya mfalme ya mwaka 1222. Kanuni ile ya ardhi ilidumu karibu miaka 500, hata ikaondolewa mwaka 1848. Matokeo yake twaweza kuyakisia bila shida: posa katika nyumba za wakubwa hao haikuwa shauri la vijana wawili, ilikuwa hesabu ya mashamba. Katika sheria ya Kiislamu, aliyolelewa nayo Abdallah bin Hemedi, binti hupata nusu ya fungu la kaka yake, na kila mrithi ana kiwango chake kilichokwisha andikwa. Kwa hiyo mwandishi wetu, alipokuwa akisimulia jinsi Mbegha alivyonyimwa fungu kwa sababu ya meno, alikuwa akisimulia jambo ambalo kwa sheria yake mwenyewe ni dhuluma tupu. Hakulikemea. Aliliacha lisimame kama alivyolisikia, na uaminifu huo ni moja katika sifa zake kubwa.

Mbegha basi akatoka kwao, akawa mwindaji. Akakaa katika nchi ya Kilindi, akafanya urafiki na mwana wa mkuu wa huko. Kijana yule akauawa na nguruwe-mwitu wakiwa mawindoni, na Mbegha akakimbia na wenziwe na mbwa wake kwa kuogopa kisasi. Hivyo alivuka nyika, akapanda milima ya Usambara, akiwa hana ukoo, hana ardhi, hana mke. Alikuwa na nyama tu.

Na nyama ndiyo iliyomfungulia mlango. Wasambaa walikuwa watu wa mashamba ya mlimani, na nguruwe waliwaharibia vyakula. Mgeni yule aliwaua nguruwe, akagawa nyama, na wenyeji wakampa unga na ndizi. Feierman ameeleza vizuri jinsi masimulizi haya yanavyoupambanua mlima na nyika, chakula cha shambani na nyama ya mwituni, na jinsi Mbegha anavyovuka kutoka upande mmoja hata mwingine. Sina haja ya kuyarudia. Ila nataka kuongeza jambo ambalo msomaji wa Kiswahili atalihisi upesi kuliko wengine: mwandishi ni Mwislamu wa pwani, na nyama yenyewe ni ya nguruwe. Angeweza kumbadilisha nguruwe akawa nyati au kulungu, na hakuna msomaji wa Tanga au wa Pangani ambaye angemlaumu. Hakufanya hivyo. Kwa dalili kama hizi twaweza kupima kama msimulizi ametuharibia masimulizi au ametutunzia.

Hapa ndipo ilipo maana ya karamu. Tukisema karamu, mara moja twafikiri kula na kunywa na kucheza ngoma, na kwa kweli hayo yalikuwako. Lakini karamu ya Mbegha ilikuwa barza. Watu waliokuja kula nyama walikuja na maneno yao; waliogombana, waligombana mbele ya mgeni ambaye hakuwa wa ukoo wowote katika nchi ile, na kwa sababu hiyo hakuwa na upande. Aliamua, na maamuzi yake yakapendeza. Yule aliyetupwa na ukoo wake akawa na kitu ambacho mwenye ukoo hawezi kuwa nacho, yaani kutokuwa ndugu wa mshitaki wala wa mshitakiwa. Ukigego wake, uliokuwa nuksi katika Ngulu, ukageuka kuwa sifa ya hakimu.

Lakini hakimu asiye na ndugu hawezi kukaa sana. Nchi ilitaka kumfunga kwake, na kamba ya kumfungia ilikuwa ndoa. Hapa yapasa kutazama jinsi posa inavyopinduliwa katika masimulizi haya. Kwa desturi ya milimani, kama ilivyo pwani, mwanamume ndiye aposaye. Watu wa kuumeni hutuma mshenga, hutoa vitu vya kufungulia maneno, hukataliwa mara ya kwanza kwa heshima, hurudi, na mwisho hupatana mahari. Mbegha hakuwa na watu wa kutuma, wala mahari ya kupatana. Wenyeji ndio waliomtaka akae, nao wakampa mke. Pa kwanza kupata cheo kikubwa katika habari hii ni Bumbuli. Mke wa Bumbuli ndiye aliyekuwa mama wa mrithi.

Watu wa Vugha waliposikia sifa zake wakaja kumchukua. Safarini, usiku, Mbegha aliua simba. Ngozi ikachunwa ikachukuliwa. Husimuliwa kwamba mwana wa mke wa Bumbuli alizaliwa juu ya ngozi hiyo, akaitwa Bughe, na tangu hapo mfalme wa Usambara husalimiwa kwa jina la Simba. Koo nyingine nazo zikampa Mbegha binti zao, kila nchi kwa zamu yake. Mtu anaweza kuyasoma haya kama sifa za mume mwenye wake wengi, na msomaji wa haraka huyapita huku akitabasamu. Tuwaulize wale waliowatoa binti zao, walipata nini? Hawakupata ng'ombe. Walipata ujomba.

Neno hili mjomba lastahili kukaliwa kitako kidogo. Katika ukoo wa kiumeni mali hutoka kwa baba, na jina hutoka kwa baba. Kwa mjomba mtoto hurithi kidogo au hapati kitu. Lakini palipo na urithi ndipo palipo na ugomvi. Ndugu wa baba mmoja huwaniana. Baba mdogo humtazama mwana wa kaka yake kama mtu aliyesimama mbele yake katika safu. Mjomba hawanii kitu na mpwa wake. Kwa hiyo mapenzi ya mjomba ni mapenzi yasiyo na hesabu, na lugha zetu zimeyatumia mapenzi hayo hata katika siasa. Wamijikenda huwaita Waswahili wa pwani Adzomba, yaani wajomba, na katika jina hilo moja imo historia nzima ya ndoa, biashara na kukaa jirani. Wasambaa wa zamani, walipompa Mbegha binti zao, walifanya jambo la namna hiyo hiyo kwa makusudi makubwa zaidi: walijifanya wajomba wa ufalme mzima.

Kifo cha Mbegha chaonyesha jinsi jambo hili lilivyokuwa na nguvu. Kilifichwa. Wazee wachache wa Vugha walijua, na kabla watu wote hawajapata habari, wajumbe walikwenda Bumbuli, alikolelewa Bughe kwa wajomba zake. Wajomba wakamleta, naye akasimikwa, ndipo nchi ikaambiwa kwamba mfalme amekufa na mfalme yupo. Masimulizi hayashughuliki sana na hesabu ya miaka, nani alizaliwa mwanzo na nani nyuma. Yanashughulika na nani alimlea, na nani alisimama pamoja naye usiku ule. Sheria ya urithi wa kiti cha Vugha, kama tunavyoweza kuisoma hapa, ilikuwa na vichwa viwili: damu ya baba ilimpa mtu haki ya kuitwa, na mkono wa wajomba ulimpa nguvu ya kuitika.

Wana wengine wa mfalme waliwekwa kuwa wakuu wa nchi ndogo ndogo, na mara nyingi mwana alipelekwa kwenye nchi ya mama yake. Desturi hiyo ilikuwa na hekima ya namna mbili. Mkuu aliyewekwa hakuja kama mgeni mwenye fimbo. Alikuwa mpwa wa watu wale, mtoto wa binti yao, na mzee wa kijiji aliweza kumkaripia kama amkaripiavyo mtoto wa dada yake. Tena, alipotaka kumwasi ndugu yake wa Vugha, alikuwa na wajomba wa nchi moja tu nyuma yake, hali Vugha ilikuwa na wengi. Wasambaa wana maneno mawili yapimayo kazi ya mtawala, kuzifya shi na kubana shi, yaani kuiponya nchi na kuiharibu nchi. Mvua ikinyesha kwa wakati wake na watu wakapatana, mfalme ameiponya. Wakuu wawili wakishindana, ambako wao huita nguvu kwa nguvu, mvua hukatika na njaa huingia. Mpare atayatambua mawazo haya mara moja, maana katika Upare wa Kusini nako mfumwa alipimwa kwa mvua, na Wambaga walisifika mbali kwa sababu hiyo hiyo.

Zama za Kimweri, mjukuu wa Bughe, utaratibu huu ulifika kilele chake. Alitawala muda mrefu, akafa yapata mwaka 1862, naye ndiye aliyetembelewa na Krapf mwaka 1848 na tena mwaka 1852. Mamlaka yake yalifika karibu na pwani kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine yaligusa ukingo wa Upare. Nchi kubwa kiasi hicho, isiyokuwa na askari wa kudumu wala hati, ilishikwa na nini? Jibu langu ni kwamba kwa sehemu kubwa ilishikwa na shemeji, wajomba na wapwa.

Nimetaja kunywa, na itakuwa si haki kupita bila kusema neno juu yake. Milima hii miwili ina kinywaji kimoja chenye majina mawili: Wasambaa huita boha, Wapare huita dengelua. Miwa hutwangwa, maji yake hukamuliwa na kuachwa mpaka yachachuke. Kinywaji hiki hakikai. Chapasa kunywewa kwa wakati wake, na wengi pamoja. Ndiyo sababu kimeambatana na kila jambo ambalo halikufanywa na mtu mmoja: kuposa, kupatana mahari, kutambika, kumaliza daawa, kurithisha baada ya matanga. Mzee akipokea kibuyu cha posa na kunywa, amekwisha sema neno lake; waliokaa hapo wakimwona ndio mashahidi, na hapana karatasi iliyoweza kushinda ushahidi huo. Mtu wa mji ayaonapo haya husema watu wa milimani walikuwa wapenda anasa. Ningesema kwamba walikuwa wakiandika.

Fasihi ya pwani inayo karamu moja mashuhuri ambayo twaweza kuiweka kando ya hii, nayo ni ya Fumo Liyongo. Katika utendi wake, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, Liyongo yumo kifungoni. Kijakazi Saada anamletea mkate uliofichwa tupa, na ngoma ya gungu inapopigwa, kelele za matari na watu zinaifunika sauti ya chuma kinachokatwa. Ugomvi ule nao ulikuwa wa utawala na urithi, na masimulizi mengine humtaja Daudi Mringwari kuwa ndiye mshindani. Tofauti yake na Mbegha yafundisha. Liyongo ana nguvu, ana mashairi, ana karamu. Lakini mwisho anauawa na mwanawe mwenyewe. Karamu yake ilimtoa gerezani, haikumpa watu. Karamu ya Mbegha ilikuwa nyama ya mwindaji maskini, nayo ilizaa ufalme kwa sababu nyuma yake palikuwa na binti wa watu na wajomba wenye shoka mabegani.

Sasa tufike kwenye msiba wenyewe. Kimweri alipokufa, aliyekalia kiti cha Vugha alikuwa Shekulwavu, mjukuu wake. Semboja, mwana wa Kimweri na baba mdogo wa mfalme mpya, alikuwa Mazinde, chini ya mlima, kando ya njia ya misafara itokayo pwani kwenda bara. Zamani mkuu wa Kilindi hakupenda kukaa nyikani. Heshima ilikuwa mlimani. Semboja alikaa nyikani kwa sababu huko ndiko zilikopita bunduki, baruti, nguo na watumwa. Akakusanya watu wa kila kabila waliofuata mali. Watu hao hawakuwa wajomba zake, wala wapwa zake, wala shemeji. Hawakuwa na haki ya kumkaripia. Alimwondoa Shekulwavu katika Vugha, akamweka mwanawe mwenyewe, Kimweri Maguvu. Shekulwavu akatafuta msaada Bondei, na Wabondei, walipokwisha inuka, wakawageukia Wakilindi wote na kuwaua au kuwafukuza. Vita hivyo huitwa Kiva.

Wanahistoria wameueleza mfululizo huu kwa biashara na bunduki, nao wamesema kweli. Nami sipingi. Ninasema tu kwamba kitabu cha Abdallah chaonyesha hasara yake kwa kipimo chake chenyewe, kile alichokiweka katika kurasa za Mbegha. Mkuu alipopata bunduki hakuhitaji tena kuposa nchi. Mke akawa mateka au zawadi; mtoto wa mateka hana mjomba. Karamu za Mazinde zilikuwa kubwa, na wageni wa Ulaya waliopita walikaribishwa na mwenyeji aliyejua mambo ya dunia, lakini wale waliokula hawakuwa wakifunga agano lolote ila la siku ile. Urithi nao ukawa ni wa awezaye kuuchukua. Kwa maneno mengine, Semboja aliishi kama Mbegha angaliishi lau asingepewa mke Bumbuli: mwindaji mwenye nyama nyingi na wafuasi, asiye na watu.

Msomaji atauliza: je, mwandishi aliyatambua haya? Yeye alikuwa mtu wa Semboja. Alikula mkate wake, akaingia katika vita vyake. Hakuwa na sababu ya kumshitaki, wala hamshitaki waziwazi. Lakini mtu anayeanza kitabu cha bwana wake kwa kueleza kirefu hivyo jinsi babu wa kwanza alivyopokelewa kwa ridhaa, koo kwa koo, binti kwa binti, na kisha akaeleza jinsi mjukuu alivyotwaa kwa nguvu, ametuwekea mizani mkononi. Sioni kwamba ni bahati tu. Labda wengine wataona nimemsomea zaidi ya alichokiandika, na hoja yao itapaswa kusikilizwa. Lakini waanze kwa kukisoma kitabu chote, si vipande vilivyowekwa katika vitabu vya shule.

Kwa upande wetu wa Mkomazi, jina la Semboja halikumbukwi kwa karamu. Upareni nguvu yake ilifika bila posa. Hapakuwa na binti wa Kipare aliyetolewa ili nchi ipate mpwa mtawala, kama Bumbuli ilivyompata Bughe. Walioshuka mlimani walishuka wakiwa mali. Ndiyo maana masimulizi ya Kikilindi yaliyotiwa nanga Usambara hayakupata mizizi hapa, ingawa imani ni zilezile, pombe ni ileile, na hata kigego ni yuleyule. Mtawala wa ng'ambo aliyeingia Upare zama zile hakuja kama mtoto wa dada wa mtu.

Yapo mambo mawili ya kutahadhari nayo katika kuyasoma haya leo. La kwanza ni sheria ya baadaye. Kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa mwaka 1963 zimewapanga warithi kwa daraja tatu: mwana wa kwanza wa kiume wa nyumba ya kwanza ndiye wa daraja la kwanza, wana wengine wa kiume daraja la pili, na mabinti daraja la tatu. Vijana waliokua wakisikia kanuni hizo husoma habari ya Bughe na kumtafuta mwana wa kwanza, kisha hushangaa kwa nini mjukuu Shekulwavu aliwatangulia baba zake wadogo. Kanuni ya 1963 ilikuwa ya mali ya watu wa kawaida, na ilipangwa na serikali kwa ajili ya mahakama. Haiwezi kurudishwa nyuma miaka 200 ikawa ufunguo wa kiti cha Vugha.

La pili ni maneno yenyewe. Mahari na urithi ni maneno ya Kiarabu yaliyoingia Kiswahili pamoja na sheria yake. Tukieleza kwa maneno hayo mambo ya milimani, maneno hutuvutia kwao pasipo sisi kujua. Mahari ya kisheria ni haki ya mke mwenyewe. Vitu vya posa vya milimani vilikwenda kwa baba na ndugu zake. Urithi wa kisheria hugawanywa; kiti cha Simba hakikugawanywa. Lakini mjomba, mpwa, ukoo, ngoma na posa ni maneno yetu ya asili, na katika hayo ndipo penye uzito wa kitabu. Atakayeandaa chapa mpya ya Habari za Wakilindi ingefaa aweke faharasa ya maneno ya udugu, na kila penye mjomba aonyeshe ni mjomba wa nani, na wa nchi gani.

Semboja alikufa mwaka 1895. Mwaka huo huo Wajerumani walimnyonga mwanawe Mputa, na wakamweka Vugha Kinyashi, mwana wa Shekulwavu. Naye hakukaa: baada ya miaka michache, mwanzoni mwa karne ya 20, alikiacha kiti kwa hiari yake mwenyewe, akaondoka Vugha.